Diski ya Ilari

Tuuli, Ilari anahama. ANAHAMA.

Nimejifungia chooni. Yeye yuko jikoni anaokota skrubu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ile kompyuta tuliyokuwa tunaiunda, si unajua kasha lake lina vyumba viwili? Mbele kwenye kioo yanakaa mazuri yote, nyuma ndiko nyaya na diski zinakofichwa. Tumeshinda nayo tangu asubuhi, kahawa na maandazi ya pulla mezani, raha tupu. Nikafunga diski yangu, nikachukua ya kwake.

Akasema, "Hiyo usiifunge."

Nikamwambia acha utani wewe, nafasi ziko mbili, si ndiyo maana tulinunua kasha hili!

"Usiifunge, Maiju. Kuitoa baadaye utapata tabu, itabidi ufungue nyaya zote."

Kuitoa! Baadaye! Nimebaki na bisibisi mkononi kama mjinga.

"Nimepata pa kukaa Turku." Anaongea huku anaangalia nyaya, hanitazami mimi.

Na hizo nyaya, Tuuli, leo alizifunga vizuri kuliko siku zote, mmoja mmoja, taratibu. Mimi nikadhani ni mapenzi. Kumbe anahakikisha sitamhitaji.

Hata kulia nilishindwa. Nikabonyeza swichi.

Ikawaka mara ya kwanza. Na unatujua sisi, ikiwaka mara ya kwanza lazima tukumbatiane, hata kama tumenuniana wiki nzima.

Leo amenipa mkono.