Nyasi za Mumeo

Dada yangu,

Huku tu wazima, isipokuwa mwanao, na hilo nitakueleza. Jirani kanunua mbwa. Bustani ya mumeo imenawiri kuliko zote mtaani; nasonya hata kuiandika.

Unajua tunamwagilia yale maji taka yaliyosafishwa, mazuri kwa nyasi, si kwa tumbo la mtu. Ndiyo maana nilitega saa ya bomba ifungue alfajiri, nyasi zikauke kabla watoto hawajatoka. Shemeji, huyo mumeo, akaibadilisha ifungue mchana, eti wageni wake waone maji yakirukaruka. Jana mwanao akakimbilia humo kucheza, mdomo wazi. Nikapiga kelele. Mumeo akacheka: "Mwache bwana, maji ni maji!"

Leo mtoto anatapika na kuharisha. Daktari alipouliza kanywa nini, shemeji akajibu bila haya, "Maji ya chupa." Nikamkatiza nikasema ukweli. Kawekewa dripu, atapona.

Tuliporudi kumchukulia nguo, mumeo alishuka garini akaenda kwanza kupapasa nyasi aone kama zimelowa. Nilimwonea kinyaa, dada.

Njoo umchukue mwanao. Huyo mwachie bustani yake.

Ni mimi mdogo wako. Bomba nimelifunga.