Nimekataa Robo

Anastazia, mwanangu, mama yangu,

Mpaka sasa siamini. Asubuhi unafundisha fizikia hapo Bunda, jioni naambiwa ni kichwa tu kiliuma, umeanguka, umekwenda. Kichwa gani? Kile kile kilichowashinda wavulana wote wa Butiama? Mimi wa darasa la saba ndiye niliyekizaa kichwa kile, na nilikuwaga nakitangaza mpaka kanisani.

Wakwe zako wamekuzika kwao Manyamanyama. Ndiyo desturi, ng'ombe wa mahari walishatolewa. Sikubisha. Wabebaji waliguna eti jeneza zito. Nikawaambia, "Mbebeni vizuri, huyo ni mwalimu!"

Sasa kaka yako anataka nihamie kwake Musoma, kule Mwisenge, nisikae peke yangu. Nilishaanza kufunga vyombo. Nimeshika sufuria, nikakukumbuka unamenya mihogo hapa jikoni, unanisomesha: kila kitu kinavuta kingine, na chenye tungamo kubwa kinavuta zaidi. Nikauliza tungamo ndiyo nini. Ukasema ni wingi wa kitu chenyewe. "Basi kwa mwili huu, ndiyo maana baba yako hakuchomoka!" Ulicheka mpaka kisu kikadondoka. Ukaniuliza, umbali ukiwa mara mbili, mvuto unabaki kiasi gani? Nikajibu haraka haraka, nusu.

"Robo, mama. Robo tu."

Mwanangu, nilikaa chini na sufuria mkononi. Maana kutoka hapa Butiama kuja kwako ni safari moja. Kutoka Mwisenge ni kama safari mbili. Robo! Nizae mtoto mzima, halafu nibakiwe na robo?

Vyombo nimevifungua. Kaka yako kanuna: "Mama, mvuto wa mtu na mtu ni mdogo mno, hata hausikiki." Nimemwambia, dada yako alisema unapungua, hakusema unaisha.

Tena hata hapa ni mbali, nakuja huko huko. Kwa mkwe wangu, mume wako, silali. Mama mkwe halali kwa mkwe wake, unajua. Nimepanga chumba hapo hapo Manyamanyama, ng'ambo ya barabara kutoka kwao. Nitakaanga maandazi ya kuuza. Watu watauliza ni mama gani huyu anayemfuata binti aliyeolewa. Waulize. Nitawajibu kwa sauti.

Pumzika, mwalimu wangu. Jumapili nikitoka misa nitakuja, na kila Jumapili, nilaze kiganja pale kaburini, kati yetu ubaki udongo tu.

Mama yako