Mvua Ilipotukuta Mbele

Jumatatu, 9 Septemba 1974

Coy anaondoka. Naandika hivyo ili nizoee.

Amekuja gerejini asubuhi, mimi nafungua rejeta. Kavua kofia. Coy Ledbetter havui kofia hata mlangoni mwa kanisa mpaka mkewe amkazie macho. Akasimama kwenye benchi, anachezea spana. Nikajua kabla hajasema.

Timu kubwa ya mbio za magari kutoka Charlotte inamtaka. Dereva wao kavunjika mguu, wanahitaji mtu wa kumaliza msimu. Akifanya vizuri, kiti ni chake mwakani. Anaanza Jumapili hii hii, uwanja wa Brushy Fork. Amesema hajawapa jibu, na kwamba nikitamka neno moja tu, atabaki.

Miaka kumi na moja ananiendeshea gari. Ana umri wa miaka arobaini na mbili. Simu ya namna hii hatapigiwa tena.

Nikamwambia, "Nenda. Ukibaki kwa ajili yangu nitakuja kukuchukia, na gereji yenyewe ndogo, chuki nitaiweka wapi?"

Akacheka. Kisha akaenda kuweka kiganja juu ya paa la Sitini na Nane, gari letu la mashindano, akakiacha pale muda mrefu.

Mke wangu Maxine aliandaa chakula. Maharage na mkate wa mahindi. Alipokuwa anaondoa sahani akasema nimefanya vyema. Halafu akaenda kukaa barazani peke yake. Nikamwacha.

Jumanne, 10 Septemba

Watu huniuliza ilikuwaje nikamwajiri mtu aliyenivunja mkono. Huwa najibu kwa mzaha. Leo nataka kuliandika sawasawa.

Mwaka 1957, uwanja wa udongo, mzunguko wa mwisho. Coy alikuwa mkali na hana adabu, nami nilikuwa vivyo hivyo. Akanisukuma ukutani. Kiwiko cha kulia hakijanyooka tangu siku hiyo, na sijashindana tena.

Akaja hospitali. Akakaa kwenye kiti karibu na kitanda. Kesho yake tena. Siku tisa! Siku ya kumi hakuja, nikajikuta nimekasirika. Kumbe alikuwa gerejini kwangu. Alikuwa amelivuta gari langu kutoka uwanjani na ananyoosha bodi kwa nyundo, peke yake, bila kumwambia mtu.

Nilikuwa dereva wa kawaida. Hilo nalijua sasa. Mkono ule ndio ulionifanya mwenye timu, nikagundua kwamba napenda kulijenga gari kuliko kuliendesha. Miaka kumi na saba. Hatujashinda hata mara moja. Nafasi ya juu kabisa ni ya nne, na siku ile nusu ya magari yalikuwa yameungua injini. Lakini sijawahi kuamka asubuhi nikatamani kazi nyingine. Wangapi wanaweza kusema hivyo? Pale kwenye kiwanda cha nyuzi nilikotoka, hakuna.

Basi. Shukrani ni nyingi, dereva hakuna. Zimebaki siku tano.

Nimemuuliza Maxine tufanyeje. Akasema: Delmas.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 11 Septemba

Delmas ni kaka yake Maxine. Ana miaka hamsini na moja na anaendesha basi la shule. Mara ya mwisho kushindana ilikuwa 1965.

Nimemkuta kwenye ua wa shule anaosha basi. Nikamweleza. Akaendelea kusugua kioo kana kwamba hakusikia.

"Shemeji," akasema mwishowe, "siku hizi nikifika maili arobaini kwa saa watoto wananipigia makofi."

Nikamwambia sitaki ashinde. Nataka gari lianze, limalize, lirudi nyumbani likiwa na pembe zake zote nne. Ana sharti moja tu: Jumatatu asubuhi lazima awe kwenye basi, maana kuna mapacha wa njia ya mlimani ambao hawakubali kupanda kwa dereva mwingine.

Halafu akashusha ndoo, akajipima kitambi kwa viganja viwili. "Kiti cha Coy," akasema. "Coy hana hiki."

Nikajua amekubali.

Ijumaa, 13 Septemba

Tumekata kiti na kukichomelea upya. Mara mbili. Delmas anaingia kama soksi kwenye chupa. Maxine kapiga marufuku utani wowote kuhusu Ijumaa ya tarehe kumi na tatu, siku ya nuksi, na karanga haziruhusiwi gerejini — mikosi ya madereva hiyo, hata yeye aliye mtu wa Biblia anaiheshimu.

Nimechoka. Nimefurahi.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumefuzu! Magari thelathini yanaanza kesho, sisi ni wa ishirini na tisa. Coy ni wa tatu.

Lakini ninachotaka kukumbuka ni hiki. Baada ya majaribio Coy alivuka uwanja mzima kuja kwetu, na lile vazi lake jipya jekundu, zipu inang'aa. Akachuchumaa mbele ya Delmas, akaanza kuchora kwa kidole vumbini. Kona ya tatu ina kiraka, akasema, usikanyage breki juu yake. Liache gari lishuke lenyewe, litajua.

Bosi wake mpya akamwita kwa sauti kutoka ng'ambo. Akamwita mara ya pili. Coy akamaliza kwanza kuchora kona ya nne.

Jumapili, 15 Septemba

Saa tisa na nusu. Naandika chini ya turubai, nyuma ya lori letu. Mvua inanyesha. Nisipoandika nitaanza kuzungukazunguka kama kuku.

Nianze mwanzo.

Mashindano ni mizunguko mia tatu. Delmas kaendesha kama amebeba watoto wa watu. Hakumgusa mtu, hakumkimbiza mtu. Mbele yake vijana wakawa wanagongana, injini zinapasuka, sisi tunapanda nafasi bila kumpita yeyote. Kufika mzunguko wa mia na tisini tulikuwa wa kumi na moja. Mia moja hamsini ilishapita, yaani mashindano yakikatizwa sasa, matokeo yanahesabika. Nikaona wingu juu ya mlima, jeusi, lakini nikadhani litatupita.

Mzunguko wa mia mbili na nne, ajali. Bendera ya njano, wote wapunguze mwendo. Timu zote za mbele zikaingiza magari pembeni kubadili matairi na kujaza petroli. Sisi matairi mazima hatuna tena. Maxine alikuwa na saa mkononi, anatazama mlima badala ya magari.

"Usimwite," akasema.

Nikamwambia petroli haitamfikisha mbali.

"Hoyt. Usimwite."

Nikainua ubao: BAKI. Delmas akapita akiwa ameinua kidole gumba. Magari kumi mbele yake yakaingia ndani, moja baada ya jingine. Nikamtafuta aliye mbele yake. Hapakuwa na mtu.

Mizunguko miwili hivyo, polepole. Kisha mvua ikamwagika kama iliyokuwa imefungiwa. Bendera nyekundu. Magari yote yamesimamishwa kwenye mstari mbele ya majukwaa, yamepangwa kama yalivyokuwa. La kwanza ni Sitini na Nane. La pili ni la Coy.

Mvua isipokatika, tumeshinda. Ikikatika, wataikausha barabara, Delmas ataanza na matairi yaliyokwisha na petroli ya kunusa, na Coy atampita kabla ya kona ya kwanza. Watu wote elfu nane wanatazama juu. Delmas hajatoka garini. Amepewa mapaja ya kuku kupitia dirishani, anasema alivyosumbuka kuingia hatoki mpaka iishe.

Coy amekuja hapa chini ya turubai. Kalowa. Mtu wa timu yake alimfuata na mwavuli, akamwambia bosi anamtaka. Akajibu anakuja. Hakwenda. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, karibu nami, kama vile hospitalini.

Mwishowe akasema, "Naomba isikatike."

Nikamwambia asiseme hivyo. Akishinda leo kiti ni chake, anajua.

"Najua," akasema. "Bado naomba."

 Nami tangu ianze kunyesha nilikuwa naomba ikatike, apate nafasi yake, arobaini na mbili si mchezo. Hapana, nisijidanganye humu. Nusu yangu ilikuwa inaomba hivyo. Nusu nyingine inatazama dimbwi lile karibu na gurudumu la lori na kufurahi kila tone linapoanguka.

Maxine katusikia wote wawili. Akasema Mungu leo ana kazi na wapumbavu wa Carolina. Akammiminia Coy kahawa kwenye kikombe changu.

Saa kumi kasoro dakika tano. Sijui ni masikio yangu au turubai limepunguza kelele. Malori ya kukaushia yamewashwa, lakini hayajasogea. Msimamizi mkuu anateremka ngazi za mnara, hana mwavuli, na amenyoosha kiganja mbele yake anapima. Coy amesimama. Anaivaa kofia yake ya chuma polepole, kisha anaivua tena, ananiangalia. Delmas amewasha injini. Naliweka daftari, nakwenda.