Siku Ndege Walipoondoka Ziwani

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea. Kikuyu chetu kilikuwa cha kuongea jikoni, lakini barua zetu zilikuwa za Kiswahili tangu ulipoanza kwenda ngumbaru, ukajifunza kusoma wakati nywele zako zimeshakuwa nyeupe, ukiwa umevaa miwani uliyoazimwa na mke wa mchungaji. Barua yako ya kwanza ninayo mpaka leo. "Wangui, mimi niko sawa. Ng'ombe imezaa. Ziwa iko sawa. Mungu akuweke." Niliisomea pale kaunta ya hoteli ninapofanya kazi, Nyeri, nikalia mbele ya mgeni aliyekuwa akisubiri ufunguo.

Katika kila barua ulilitaja ziwa, baada ya ng'ombe na kabla ya Mungu. Sasa imekuwa zamu yangu kukupa habari zake, na sijui nianzie wapi, maana nina kosa ambalo uliondoka kabla sijakuomba msamaha.

Mimi ndiye niliyemleta yule bwana wa boti.

Alikuwa mgeni wetu hotelini, mtu wa Nairobi, mpole, anayesema asante hata kwa mfagizi. Aliniuliza nyumbani kwetu ni wapi. Nikamwambia ni Kieni, ukishapita Endarasha, na kwamba kuna ziwa dogo ambalo asubuhi, kabla upepo haujaamka, unaona Mlima Kenya wote ndani yake, na theluji yake. Nilikuwa najivunia tu, Mama. Jumapili iliyofuata alikuja na gari nikamwelekeza njia.

Unakumbuka alivyosimama pale penye nyasi fupi, mikono kiunoni. Akasema, "Hii maji imekaa bure." Alitaka kujenga nyumba za wageni na mkahawa, kuleta boti za injini, na kukata matete ya upande wote wa mashariki ili watu wa mjini wapate pa kuota jua. Aliahidi kazi kwa vijana na bomba la maji mpaka shuleni. Mimi nilikuwa upande wake. Nilijua hoteli ni nini, nilijua vijana wetu wanashinda sokoni bila la kufanya. Wewe ulimsikiliza mpaka mwisho, ukamletea chai, na alipoondoka ukaniambia, "Wangui, haijakaa bure. Imekaa."

Nikakujibu kwamba unaogopa maendeleo. Nilikuambia hivyo wewe, mama yangu, ndani ya nyumba yako. Ulichukua panga na kamba, ukaenda kukatia ng'ombe majani, na mimi nikapanda basi la saa tisa. Hiyo ilikuwa masika. Baridi ya mwezi wa saba ilipokuja, kifua kikakushika, na waliponipigia simu hotelini ulikuwa umeshakwenda siku moja nzima.

Watu walikuja, Mama. Nilidhani watakuwa wa kanisa letu na majirani wa ng'ambo ya barabara. Walijaa mpaka kwenye shamba la viazi. Mzee Githaiga, ambaye mimi nilimjua kama jirani anayenuna, alisimama kando ya kaburi akaeleza jambo ambalo hukuwahi kunisimulia.

Alisema mzungu aliyelima hapa zamani alipoondoka na shamba lake likagawanywa, kila mtu alipewa namba ya ploti, lakini ziwa halikupewa namba. Kwa hiyo kila mtu akaliona ni lake. Ng'ombe waliingia mpaka tumboni. Nguo zilifuliwa humo, matete yakakatwa hadi mizizi, na kabla ya miaka miwili upande wa chini ukawa matope yanayonuka. Wewe, mjane mwenye viazi na pareto kidogo, ukaenda nyumba kwa nyumba ukisema tuchimbe mfereji, maji yaende kwenye birika la saruji, ng'ombe wanywe huko. Matete yakatwe upande mmoja kila mwaka, zile pande nyingine zipumzike. Githaiga alikuambia hawezi kufundishwa na mwanamke mahali pa kunyweshea ng'ombe wake.

"Basi akaja kuchimba mbele ya ploti yangu," alisema Mzee, kofia mkononi. "Peke yake, na jembe. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nikakaa ndani. Siku ya nne bibi yangu akakataa kunipikia. Siku ya tano nikatoka na jembe yangu. Alisonga tu kando, nikapata pa kusimama."

Mama, nilikuwa nikicheza kwenye ule mfereji nikiwa mtoto. Nilidhani ni mto.

Baada ya mazishi kamati ya majirani wa ziwa ilikaa, na haikupatana. Nusu walimtaka yule bwana. Naye akasema, kwa adabu yake ileile, kwamba hakuna haja ya kubishania kitu ambacho watu hawajakiona. Ataleta boti moja Jumamosi, watu waione, halafu waamue. Wote wakakubali. Mimi nikaomba likizo hotelini.

Siku hiyo kulikuwa kweupe. Wanafunzi walikuja na masweta yao ya shule, akina mama wakaja na vikapu vya viondo wakisuka. Mimi nilisimama karibu na yule bwana, viatu vyangu vya kazini vikizama kwenye tope. Wanaume wawili waliishusha boti kutoka kwenye trela. Ilikuwa nyeupe, na nzuri, siwezi kukudanganya. Bwana akaingia, akavuta kamba ya injini mara tatu, ikawaka. Akapita katikati ya matete, akatokea kwenye maji wazi.

Hapo ndege wakainuka.

Sijui nikuandikie vipi. Nilizaliwa pale. Nilijua kuna bata, kuna korongo wenye taji, kuna wale weupe wanaowafuata ng'ombe. Kama mtu angeniuliza ni wangapi, ningesema labda mia. Mama, waliinuka kutoka kila upande wa matete, na kila tulipodhani wameisha, wengine waliinuka nyuma yao. Kivuli chao kilipita juu yetu, nikahisi baridi mikononi. Upepo wa mabawa ulilaza nyasi. Mama mmoja karibu nami aliacha kusuka, uzi umesimama hewani kati ya vidole vyake. Korongo walipita chini kabisa, nikaona macho yao. Walizunguka juu ya ziwa mara moja, wakawa kitu kimoja kikubwa kinachogeuka, halafu wakaelekea milima ya Nyandarua, na tukawatazama mpaka wakawa kama vumbi.

Bwana alikuwa amezima injini. Boti ilielea katikati, yeye amesimama ndani yake, kichwa nyuma, kofia imeanguka majini na hakuiokota. Alirudi kwa kasia. Aliposhuka aliniambia mimi, si kamati, "Sikujua. Sikujua wako wengi hivi."

Nami sikujua. Hilo ndilo lililonivunja. Wewe ulijua, na nilikuita mwoga.

Hawakurudi jioni ile. Jumapili hawakurudi, Jumatatu pia. Nilikuwa naamka alfajiri nateremka mpaka majini, na mlima ulikuwa humo kama kawaida, mzima, hakuna kinachoutikisa. Nilidhani nitafurahi kuuona hivyo. Lakini ulikuwa kama picha iliyotundikwa kwenye nyumba isiyo na watu. Akina mama waliokuwa wakienda kanisani kwa njia ya mkato walianza kupita njia ya ziwa ili watazame. Hakuna aliyezungumzia kamati. Siku ya nne nilimkuta Mzee Githaiga kwenye birika, ng'ombe wake wanakunywa, yeye ameinamisha sikio.

"Miaka yote hii," akasema, "mimi nilifikiri ile sauti ni ya maji."

Nikasikiliza nikaelewa. Ule mnong'ono tuliolala nao na kuamka nao, tulioudhania ni wa ziwa lenyewe, ulikuwa wao. Wazee kwa watoto tuliishi ndani ya sauti ile bila kujua inatoka wapi.

Siku ya tisa korongo wawili walishuka upande wa mashariki, palepale ambapo matete yangekatwa. Walikaa wakiangalia. Jioni kukawa na bata. Kabla ya wiki kwisha nilishindwa kuwahesabu, na sikujaribu.

Kamati ilikaa kwenye nyasi. Haikuchukua muda. Injini haitaingia ziwani. Wageni watakuja kwa miguu, upande wa shule peke yake, na boti ya kasia ikihitajika itakuwa moja, nayo haitaingia majini miezi ya ndege kutaga. Nilipewa kazi ya kuandika, na mimi ndiye niliyemsomea yule bwana. Alinisikiliza, akakunja karatasi vizuri, akasema atafikiria. Hajarudi. Bomba la shule pia halijaja, Mama, sitaki kukuficha. Kuna vijana wanaosema nimewafungia mlango baada ya kuufungua mwenyewe, na Kariuki wa shangazi tukikutana njiani anaangalia pembeni. Huwa nafikiri wewe ulikuwa ukiwaambia nini watu kama hao, kisha nakumbuka ulikuwa unachimba tu.

Mwezi uliopita ilikuja familia ya Wahindi wenye duka la vitambaa kule Nyeri. Walikaa kwenye nyasi na chapati zao. Nyanya yao alivua viatu, akainua sari kidogo, akasimama pale maji yanapofika vifundoni, muda mrefu. Alipotoka aliniuliza ni nani anayetunza mahali hapa. Nikamwambia jina lako. Nilianza kusema "alikuwa," ikanishinda, nikaliacha jina peke yake. Yeye akaunganisha viganja vyake viwili, akayageukia maji, akainamisha kichwa.

Nisamehe, Mama. Si kwa kumleta yule bwana, maana bila yeye huenda nisingeona nilichokiona. Nisamehe kwa neno lile nililokuambia, na kwa basi la saa tisa. Kulikuwa na lingine la saa kumi na moja. Ningeweza kukusubiri urudi na majani.

Nimechaguliwa kuwa katibu. Nakuja kila Jumamosi ya pili, hoteli imeniruhusu. Mwezi wa kwanza ni wakati wa kukata matete upande wa chini, na nakuahidi nitapita nyumba kwa nyumba kuwaita watu, kwa miguu yangu mwenyewe. Nitaanza kwa Kariuki. Akikataa kunifungulia, nitakaa nje kwake mpaka atoke.

Pumzika sasa, Mama. Umefanya ya kutosha.

Mimi mtoto wako,
Wangui