Hesabu ya Njia ya Kidichi

Jumatatu, 1 Juni 1970
Siku ya nne barazani pa duka, Bububu, njia panda ya Kidichi. Fomu gotini. Motokaa, lori, gari la abiria la shamba, baiskeli, gari la ng'ombe: kila kinachopita nnakipigia kistari. Wataalamu wa kigeni wanataka kujua magari ya abiria yapite wapi katika mpango mpya. Wanawake wa Kidichi wanateremka tangu alfajiri, mapakacha ya ndimu na mdalasini vichwani. Fomu haina pa kuwaandika. Aendaye kwa miguu si chombo.

Jumatano, 3 Juni
Kapita wifi yangu Mize, mke wa kaka yangu Faki. Mimba imeshapita miezi saba, na pakacha kichwani. Gari la Kidichi ni moja tu kwa siku, na kondakta hataki wenye mizigo. Nlimkalisha apumzike. Akaitazama fomu, akauliza wao wamo wapi humo. Nikamwambia hawamo.
"Basi tuandike nyuma, wifi."
Nimewaandika nyuma. Wote, hadi adhuhuri.

Alhamisi, 4 Juni
Bwana Haji, mkuu wetu wa ofisi ya usafiri, kaigeuza fomu. Hakugomba. Kasema karatasi hizi zimepangwa na waliosoma, zinatumika nchi nyingi, mimi nani hata nizichafue. Kanipa fomu mpya, ninakili upande wa mbele tu. Nimenakili. Hati nzuri. Nnajichukia.

Jumanne, 9 Juni
Kikao mjini. Mimi mwandishi wa kumbukumbu, mwanamke peke yangu. Mtaalamu kakunjua ramani. Gari la Kidichi liondoshwe, maana fomu zinaonesha njia ile haina watu. Fomu zangu. Magari yote yafuate barabara kuu, kwa saa za wafanyakazi.
Nikasimama. Nikasema njia ile ina watu, ni wanawake, wanakwenda sokoni na hospitali, na mizigo wanaibeba wenyewe. Mkalimani akatafsiri. Mtaalamu alinisikiliza kwa adabu hasa, kisha akajibu.
"Anakushukuru," mkalimani akasema. "Anasema hilo ni jambo la ustawi wa akina mama. Hapa tunazungumza usafiri."
Nikakaa. Maneno ya mtaalamu nimeyatia kwenye kumbukumbu. Yangu Bwana Haji kayafuta.

Jumatatu, 6 Julai
Gari la Kidichi limekoma leo. Faki kaja ofisini kuniuliza kama nlijua.
Nlijua.

Alhamisi, 16 Julai
Mize kashikwa na uchungu alfajiri. Mkunga wao, Bi Tatu, kasema mtoto kakaa vibaya, apelekwe hospitali haraka. Faki keshatoka kwenda bandarini kazini. Wanaume wengine vilevile. Wanawake wanne wamemlaza juu ya kitanda cha kamba, wakambeba mpaka barabara kuu. Gari la kwanza limejaa wafanyakazi, halikusimama. La pili vilevile. Jua limeshapanda ndipo lori la mawe likawachukua.
Mtoto kazaliwa njiani, juu ya lori. Wa kike. Hakulia.
Mize yu hai.
Habari imenifikia saa nne, nnapiga chapa ratiba mpya ya magari. Nikaumaliza ukurasa. Sijui kwa nini nliumaliza.

Ijumaa, 17 Julai
Tumeshazika. Mize hakuniuliza kitu. Bora angeuliza.

Jumatano, 22 Julai
Nimemwambia Bwana Haji yaliyotokea. Kasikitika kweli, macho yamemlowa. Kasema Mungu ndiye apangaye. Kisha kanipa barua ya kupiga chapa: mpango umesifiwa, utapelekwa kwingine. Nimeipiga.

Jumapili, 30 Agosti
Nlilala kwao Kidichi. Mize katoka arubaini. Asubuhi kajaza ndimu mapakacha mawili, lake na la jirani. Nikaliomba la jirani nilibebe mimi. Kakunja kanga ikawa kata, kaniwekea kichwani, kanitwika.
Tulikuwa sita. Njia ina kilima, kisha matope, kisha jiwe moja ambalo wao wote wanalijua, hapo wanatuana mizigo. Sikuwahi kuipita kwa miguu. Siku zote zile za kuhesabu nlikuwa nimekaa mwisho wake.
Shingo yaniuma mpaka sasa. Nlisimama mara nyingi. Kila nliposimama, Mize alinisubiri.