Barua ya Mhispania

Masama, 9 Agosti 1955

Mpendwa dada yangu Ndeanasia,

Kahawa tumechuma nusu, na ng'ombe wa Veronika amezaa ndama jike. Mimi pumzi imepungua, kwa hiyo naandika kidogo kidogo.

Unamkumbuka Mhispania mwenye shamba, aliyenifundisha lugha yake barazani kwake mwaka 1928, nawe ukimpelekea maziwa. Nilihangaika na vitenzi vyake: hablo, hablas, habla; nasema, unasema, anasema. Wewe ulivishika kwa kusikiliza tu. Ukirudi na majani ulimwamuru ng'ombe kwa heshima zote, "Coma usted," yaani, naomba ule, mheshimiwa. Mama akauliza, "Huyo ng'ombe amekuwa baba mkwe wako?" Tulicheka wote, ila mimi niliona wivu.

Mwaka uliofuata uliniuliza kama Mhispania amesema lolote juu yako. Nilijibu, "Hajasema neno." Nilikudanganya. Alikuwa amekuandikia kwa lugha yake, akikuomba ukawafundishe watoto wake Kiswahili, kwa mshahara na chumba chako mwenyewe. Barua ilipitia mkononi mwangu. Nilimjibu kwa jina lako kwamba unaolewa, hutaki kazi. Akanichukua mimi, nikafundisha pale miaka kumi na minne. Wewe uliendelea kukata majani, ukiamini kwamba hakuna aliyekuona.

Sikuombi uje kunitazama wala unisamehe kabla sijafa. Barua yake niliitunza, nami nimeitia humu pamoja na hii. Isome mwenyewe. Hutahitaji mtu wa kukufasiria.

Kaka yako,
Ebenezeri