Nani Ameua Nyamera?

Jumapili, 21 Septemba 2014. Titye.

Vumbi tupu leo. Mawingu yalikuja kutoka upande wa Burundi, yakanguruma kidogo, yakaenda zao kama mtu aliyekosea nyumba. Asubuhi nimetoka misa na moyo mweupe. Sasa ni saa kumi jioni na moyo wenyewe uko kama maji yaliyooshea masufuria.

Nina kinyaa. Neno ndilo hilo, sitafuti jingine.

Na wale mlioniandikia juzi eti bibi punguza ukali: mjukuu wangu aliponifungulia ukurasa huu kwenye simu aliniambia niandike yaliyo moyoni, hakuniambia niyapake mafuta. Nimeishia darasa la nne, naandika kwa kidole kimoja. Anayetaka sukari aende dukani.

Mwanangu Gervas anafuata nyayo za wanyama. Ndiyo kazi yake, huko mbugani upande wa Kibondo, kwenye kampuni inayopeleka wageni kuwinda. Ana miaka kumi na minne kazini na najivunia, nisidanganye. Mwanangu akiona jani lililopinda atakwambia mnyama gani kapita, na kama alikuwa na haraka. Jana kaja likizo na kiroba cha nyama kavu ya nyamera. Leo baada ya misa nimeichemsha na nyanya na vitunguu, nikaonja mchuzi, mtamu.

Katika nyumba hii tuna desturi niliyoikuta kwa baba mkwe wangu. Nyama ya porini haiwekwi mezani mpaka mama wa nyumba aweke beseni la maji mlangoni na kuuliza, "Nani ameua?" Kama ni mwenzetu, anajibu, "Ni mimi." Anamwagiwa maji mikononi, anaingia, anakula na watoto. Kama ni mgeni ndiye aliyepiga, anatajwa, tunakula tu. Haina uchawi wala nini. Ni kuuliza na kujibu.

Basi nikauliza, nikitegemea anitajie mzungu fulani.

Gervas akacheka. "Mama, hapo pagumu. Nilishika mimi, lakini hakuna aliyeua. Kompyuta ndiyo iliyopiga."

Nikadhani ni utani. Akatoa simu anionyeshe, maana hiyo bunduki ya mgeni wao ina kompyuta ndani, inapiga na picha ya video, na mgeni akamgawia. Nikavaa miwani. Naona nyamera mdogo kama inzi, mbali kweli, mbali kama kutoka hapa kwangu hadi kule mnadani. Juu yake nukta nyekundu. Gervas anaeleza kwa furaha kama mtoto aliyeletewa viatu: unamtazama mnyama kwenye darubini, unabonyeza kitufe, nukta inamganda. Akitembea inatembea naye. Kompyuta inapima umbali inajua yenyewe. Halafu unavuta kifyatulio na hailii! Unashikilia tu. Wewe mkono unatetemeka, yenyewe inangoja. Mistari ya darubini ikikutana na nukta, ndipo inalia.

"Kwa hiyo ni nani aliyesema 'sasa piga'?" nikamuuliza.

"Yenyewe, Mama. Mgeni kaniambia jaribu, nikajaribu. Hata wewe ungempata."

Hata mimi! Mwenye mtoto wa jicho! Anadhani ananisifu.

Nikamwambia arudishe mwanzo. Nikatazama tena. "Hapo nyuma ya miguu yake, kwenye nyasi, ni kitu gani?"

Akaisogeza simu machoni. Kulikuwa na ndama. Kadogo, rangi ya mchanga, kamelala, masikio yamesimama. Mimi bibi wa macho ya ukungu nimekaona, na yeye anayesoma jani lililopinda hakukaona.

"Nilikuwa naangalia nukta," akasema.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikatema. Mchuzi ulikuwa umeshashuka, lakini nilitema.

Sikilizeni, mimi si mtu wa kulilia wanyama. Nimekula nyama za kila aina. Mama mwenye ndama anauawa, watu hukosea, ukungu upo, njaa ipo. Kinachonitia kichefuchefu ni lile jibu. Nilishika mimi, hakuna aliyeua. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, anasema hakuna aliyeua na nyama iko kwenye sufuria!

Na bunduki hiyo haitaishia kwa nyamera. Sisi wa huku tunajua bunduki. Tumeziona zikivuka mpaka na watu wasio na viatu. Zile angalau aliyepiga alijua kapiga, hata akikana mahakamani, usiku alijua. Hii ya sasa inampa mtu jibu hata kabla hajapiga.

Nilimpigia kelele. Nikamwambia, "Nenda kamwambie Mzee Salvatori kwamba gobore ndilo lililompiga."

Akainuka kama nimemmwagia maji ya moto. Akatoka.

Niwaambie Salvatori ni nani. Ni jirani yangu. Alikuja kijana, mwaka wa sabini na mbili, walipokimbia mauaji kwao Burundi. Alfajiri moja ya ukungu alikuwa shambani kwetu anachimba muhogo, njaa imemshika. Mume wangu alisikia majani, akajua ni nguruwe wanaotumaliza kila siku, akapiga na gobore. Goti la Salvatori halijakunjika tena tangu siku ile.

Marehemu mume wangu alimbeba mgongoni hadi zahanati. Mbele ya mwenyekiti na wale ndugu zake wakimbizi wenye hasira akasema, "Ni mimi." Akafungwa. Akatoka. Na kila mwaka kabla ya mvua alilima shamba la Salvatori kabla ya letu, mpaka alipokufa. Sasa analima Gervas. Salvatori ni raia siku hizi, ana wajukuu, ana maneno makali kuliko mimi. Gervas akichelewa anamwita, "We mwana wa goti langu, jembe lako limeota mizizi?" Wanacheka wote wawili. Kicheko hicho kilinunuliwa kwa maneno mawili.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, na nimezunguka zunguka hapa ili nisiliandike.

Asubuhi ile, kabla mume wangu hajambeba yule kijana, mimi nilimshika shati. Nilikuwa na mimba. Nilimwambia, "Sema bunduki ililia yenyewe."

Ndiyo. Mimi.

Alinitazama kama mtu asiyenijua. Halafu akainama, akambeba Salvatori.

Kwa hiyo lile jibu la Gervas nalifahamu. Lilitoka kinywani mwangu yeye hajazaliwa. Wazungu wamekwenda wakatengeneza bunduki inayolia yenyewe kweli, uongo wangu wa kijinga wakautia betri. Na mimi nampigia mtoto kelele kana kwamba nimeshuka na malaika.

Hapa nilipokaa naliona shamba la Salvatori. Gervas yuko huko, analima, Jumapili, jambo lisilofanyika. Salvatori amekaa kwenye kigoda chake pembeni, mguu umenyooka, naona mikono yake inaongea. Sijui Gervas amemwambia nini. Sijui kama analima kwa hasira au kwa kitu kingine. Sijamwita.

Nyama nimeiepua. Watoto wamekula maharage, wamenuna.

Akirudi sitampigia kelele. Nitamwambia kwanza neno nililomwambia baba yake, nimtazame usoni, anichukie akitaka. Halafu nitamuuliza mara moja tu nani ameua.

Beseni bado liko mlangoni. Nimelifunika na sinia, vumbi lisiingie kwenye maji.